Majina Yameisha na Mtoto Hajapiga Chafya

Faith na Kiprotich, mliniomba niwaachie maneno machache ya kuaga, myabandike ukutani karibu na mashine ya fotokopi. Maneno machache siyawezi. Miaka yangu yote kazini nimekuwa nikichukua watu walionyamaza kabisa na kuwajazia kurasa, picha za rangi na wimbo wa mwisho. Basi tafuteni ukuta mkubwa, au mkae chini msome.

Mambo ya vyeo sitayagusa. Katika duka la watu watatu, mkubwa ni yule anayekaa na ufunguo. Ninachotaka mjue ni jinsi kazi ya kutengeneza programu za mazishi, vile vijitabu vya kumwagia marehemu, ilivyonigeuza kuwa mtafiti wa koo za watu wengine, mimi Kerubo, binti wa mchumaji chai kutoka Kisii, niliyezaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, na nisiyejua hata jina la mama aliyemzaa babu yangu. Mganga hajigangi.

Siku yangu ya kwanza mwenye duka alikuwa Mzee Kamau. Alikuwa ametoka Nyeri na kamera moja, akafungua studio hapa Sosiot, ambayo ilikuwa pia mahali pa kupiga chapa na, siku za soko, duka la vitunguu. Asubuhi hiyo ilifika familia kutoka Roret. Baba yao alikuwa amefariki, na picha yake ilikuwa moja tu, ya harusi ya mtu mwingine. Alikuwa amesimama nyuma na nusu ya uso wake imefichwa na kofia ya shangazi fulani. Mimi nilifikiri tutawapa pole na kuwasindikiza mlangoni. Mzee Kamau akaiweka ile picha chini ya lenzi, akasema, "Nusu hii ni nzuri. Nusu ile nyingine nani anayo?"

Wakatazamana, kisha wote wakamgeukia mdogo wa marehemu, aliyekuwa amejibanza karibu na vitunguu. Akakalishwa kwenye stuli akapigwa picha ya upande mmoja. Mkasi ukafanya kazi yake, gundi ikafanya yake, na jioni tukawa na uso mzima. Mjane aliutazama kwa makini. Akaweka kidole upande wa kulia akasema, "Huyu ni mume wangu." Akakihamisha kidole. "Na huyu ni yule mlevi." Lakini aliibeba. Alisema afadhali shemeji kuliko kofia.

Kulikuwa pia na koti la studio, lile ambalo wewe Kiprotich ulitaka kulifanya kitambaa cha kupangusia meza. Lilikuwa na tai iliyoshonewa moja kwa moja shingoni. Kila mzee aliyekuja kupigwa picha ya kitambulisho alivalishwa hilo, kwa hiyo wazee wengi wa Belgut wameagwa wakiwa na tai ileile. Siku hizi nyinyi mnawavalisha suti kwa kompyuta. Sawa, dunia inaenda mbele. Ila msimvalishe suti mtu ambaye kijiji kizima kilimjua kwa gambuti na koti la mvua. Waombolezaji watamtafuta kwenye programu wasimwone.

Jambo kubwa alilonifundisha Mzee Kamau lilikuwa la kuuliza. Mimi nilikuwa nawauliza watu, "Mama yenu alikuwa mtu wa namna gani?" Nao wananijibu kwa sauti moja: mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu, mwenye bidii. Wote walikuwa hivyo. Kwa programu zetu, Kericho na Bomet hakujawahi kufa mchoyo. Mzee Kamau akanivuta kando, akaniambia, "Kerubo, hiyo ni sala, si habari. Waulize alikuwa akikasirishwa na nini. Huzuni hufuta mengi, lakini hasira ya mzazi haifutiki."

Nikajaribu kwa familia ya mzee wa kutoka Kedowa. Wana wake walikuwa wameketi kama mawe. Nilipouliza swali hilo, mkubwa akacheka bila kutaka. Baba yao alikasirika akiona mtu amechuma jani la tatu. Majani mawili na chipukizi, basi. Ukileta la tatu anakurudisha shambani uliombe msamaha. Mdogo akaongeza kwamba aliwahi kukataa kuhudhuria harusi kwa sababu baba wa bwana harusi alikuwa mchumaji mbaya. Kufikia hapo wote walikuwa wanaongea kwa pamoja, wanalia na kucheka, na mimi nilikuwa na kurasa tatu. Tangu siku hiyo sijauliza swali lingine kwanza.

Na majina, jamani. Mzee mmoja wa Kikipsigis anaweza kuwa Kiprono kwa mama yake, arap Chumo kwa rika lake, Wilson kanisani, na Fundi kwa shamba zima la chai. Akifa, wanaliliwa watu wanne. Nimeona lori la waombolezaji likigeuza getini kwa sababu bango lilisema Wilson na wao wamekuja kumzika Fundi. Ndiyo maana nilijifunza kuandika majina yote ukurasa wa kwanza, hata yale ambayo familia inaona haya nayo, na nikajifunza Kikipsigis mpaka wateja wakasahau mimi ni wa wapi.

Mzee Kamau alipofariki, wasifu wake niliuandika mimi. Niliandika kwamba alikasirishwa na watu wanaotabasamu kwenye picha za kitambulisho. Nililia nikiipiga chapa sentensi hiyo, na bado naiona kuwa sentensi yangu bora.

Sasa nije kwa kazi ya mwisho ngumu. Mnaikumbuka kwa sababu niliwaachia duka mara nyingi mwaka huo, nanyi mkanung'unika nyuma ya mgongo wangu. Nilisikia.

Chelangat aliingia dukani na mtoto kifuani. Yeye ni muuguzi kwenye zahanati, ameolewa na Kibet, fundi wa pikipiki hapa Sosiot. Hakuketi.

"Mama Kerubo," akasema, "nimekuja kutafuta wafu."

"Umefika. Unataka wa lini?"

"Wa zamani. Wa upande wa bwana yangu. Wawe wanawake."

Kiprotich, ulikuwa hapo, ukadondosha stapla.

Faith, wewe wa kutoka Kiambu, hapa nikueleze ili usipotee. Kwa Wakipsigis wa zamani mtoto hachaguliwi jina tu. Anatambuliwa. Kina mama wazee hukaa naye, wanaume wakiwa nje, na ugoro kidogo husogezwa karibu na pua yake. Kisha wafu wa upande wa baba hutajwa mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto anapiga chafya likitajwa, ndilo. Huyo ndiye aliyerudi. Mtoto wa kike hutajiwa wanawake, wa kiume hutajiwa wanaume. Angalau boma hilo walifanya hivyo. Wengi wameacha. Wengine hufanya kimyakimya Jumamosi halafu Jumapili wanaenda kanisani.

Mtoto wa Chelangat alikuwa na majina ya kutosha. Alikuwa Chepkoech kwa kuwa alizaliwa alfajiri, na Ivy kwa kuwa mama yake alilipenda. Shida ilikuwa nyanya wa Kibet, Kogo Taprandich. Kogo ni nyanya kwa lugha yao. Huyu ndiye aliyemlea Kibet tangu akiwa na meno mawili, na mgongo wake ulikuwa umebeba kila mtoto wa boma lile. Chelangat alipotoka hospitalini akampelekea kitukuu chake, na Kogo akakunja mikono. "Simbebi mtu nisiyemjua," akasema. "Nitamsalimia nani?"

Wakaita kina mama wazee. Wakataja majina yote waliyoyajua. Mtoto alilala fofofo huku anasomewa ukoo wake mzima. Wakarudia wiki nyingine, kimya. Na Kogo alikuwa akipungua nguvu. Moyo wake ulikuwa umeanza kuvimbisha miguu, na Chelangat aliyajua mambo hayo kuliko wote kwa sababu ndiye aliyempa dawa.

"Mimi mwenyewe siamini sana hizo vitu," aliniambia, na macho yake yakajaa. "Lakini namuamini huyo nyanya. Na bwana yangu haongei siku hizi. Anarudi kazini, anaangalia kama Kogo amembeba mtoto, anaenda kulala. Kogo akienda kabla hajambeba, Kibet hatasahau. Wewe umewaandika wazee wote wa huku, Mama. Tafuta hata mmoja."

Nikamwambia aketi. Mtu hawezi kuagiza wafu akiwa amesimama.

Nilianza na simu, kama nyinyi. Nilipigia wateja wangu wa zamani Roret, nikapanda hadi Kedowa kwa binamu mmoja aliyehamia huko, nikaingia hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambapo nilitumiwa sala nyingi, maua na tangazo la shamba linalouzwa, lakini jina sikupata hata moja. Kwa miguu nilipata zaidi. Nilipata dada wa ukoo aliyeolewa Bomet akafia huko. Nilipata pacha aliyefariki mchanga, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemtaja. Nilipata pia shangazi mmoja niliyeuliza alikuwa akikasirishwa na nini, na wazee watatu wakajibu pamoja, "Kila kitu."

Siku ya kuwataja hao niliruhusiwa kuketi ndani. Chelangat alikuwa na sharti lake: ugoro upite mbali na pua, usikae. Kina mama wakalalamika kwamba kwa umbali huo angepiga chafya mtu wa Kisumu, lakini muuguzi ni muuguzi. Yule wa Bomet akatajwa, kimya. Pacha akatajwa, kimya. Ilipofika zamu ya shangazi wa kila kitu, hakuna aliyepumua. Mtoto akapiga miayo. Mama mmoja mzee akasema asante kwa sauti.

Halafu mtoto akapiga chafya. Chafya ya nguvu, kichwa kikatikisika. Ila wakati huo hakuna jina lililokuwa limetajwa, jirani alikuwa amesema tu, "Nipitishieni sukari." Kukazuka ubishi. Kuna waliosema chafya huwa inarudi nyuma kwa jina la mwisho, na jina la mwisho lilikuwa la yule shangazi. Kogo Taprandich akaukata ubishi huo mara moja. "Huyo hakupenda chai yenye sukari," akasema. "Hiyo ni homa." Akakunja mikono tena. Nje, Kibet aliyekuwa amesimama chini ya dirisha akijifanya anarekebisha pikipiki, alisikia, akaenda zake bila kuaga.

Niliumia kwa ajili ya kijana yule. Pia niliudhika, sitaficha. Nimetafuta sura za watu kwenye picha zilizoliwa na panya nikazipata. Nishindwe na mtoto asiye hata na meno?

Baada ya siku kadhaa nikaenda kwa Kogo peke yangu. Nyumba yake imezungukwa na chai mpaka mlangoni. Alinipa mursik, maziwa yale ya kibuyu yenye mkaa, nikayanywa taratibu maana Kogo huhesabu heshima ya mtu kwa kuangalia kibuyu. Nilikuwa na mpango. Wanawake wameisha, basi nitaingilia kwa mlango wa wanaume: kila mwanamume ana mama na dada. Kwenye programu niliyowahi kuitengeneza ya baba yake Kibet, wana waliandika tu "babu yetu Chepkwony." Huyo sikuwahi kumuulizia.

"Kogo," nikasema, "mume wako alikuwa akikasirishwa na nini?"

Alicheka mpaka akashika kifua, nikaogopa, nikajiuliza dawa za Chelangat ziko wapi.

"Alikasirika nikiimba nikikama," akasema. "Alisema ng'ombe anadhani kuna harusi, anabana maziwa. Alikasirika nikipeleka kuni nyingi mara moja. Alininyang'anya mzigo njiani watu wakiona. Nilikuwa msichana mdogo wakati ananioa, sikujua kupika. Alinifundisha."

"Mume wako alikufundisha kupika?"

"Nani mwingine angenifundisha?"

Nikaweka kibuyu chini polepole. "Na ulipojifungua mara ya kwanza?"

"Ilikuwa vibaya. Mtoto alikuwa amelala kando tumboni. Mume wangu alinishika mgongo usiku kucha na mchana kutwa, hakutoka. Aliniambia nikimfia atanifuata kaburini anigombeze."

Mnajua zamani mwanamume hakukanyaga karibu na nyumba ambamo mwanamke anajifungua. Si kwa Wakipsigis, si kwetu Kisii. Nikamuuliza, "Kogo, ni mwanaume gani wa enzi zile aliingia kwa kujifungua?"

"Huyo wangu," akasema, kana kwamba nimemuuliza jua linatokea wapi. "Tabutany."

Tabutany ni jina la mwanamke.

Kwetu Kisii ndoa hiyo ipo pia, kwa hiyo sikuanguka kitini. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume, mumewe akiwa amekufa, anaweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana ili nyumba ya marehemu isizimike. Watoto ambao msichana huyo atazaa na mwanamume wa nje wanakuwa wa nyumba ile. Chepkwony alikuwa amekufa kabla Kogo hajazaliwa. Ni mjane wake, Tabutany, aliyemuoa Kogo. Na akishaoa, kwa sheria yao, Tabutany si mwanamke tena. Ni mwanamume wa boma. Anaketi na wazee, anaulizwa mambo ya mipaka. Wana wa Kogo walipoingia kanisani, wakaona ni rahisi kuandika baba yao ni Chepkwony na kuhamia aya inayofuata, na wajukuu wakaamini hivyo. Kogo hakudanganya hata siku moja. Kila aliyemuuliza habari za mume wake alipewa habari za mume wake.

"Kogo," nikasema, "kina mama wametaja kila mwanamke wa nyumba hii. Huyu mbona hamkumtaja?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mtoto ni msichana."

"Ndiyo."

"Tabutany ni mwanaume. Atatajwaje kwa wanawake?"

Basi ndilo hilo lililotuzungusha mpaka Kedowa. Hakikuwa kitu kilichofichwa. Wazee wale waliokuwa wakijua habari nzima walimwacha nje kwa heshima, kwa kuwa wanajua mila vizuri kupita kiasi.

Nikamsihi amtaje. Uso wa Kogo ukabadilika, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakuwa mbishi, alikuwa anaogopa. "Ng'ombe walitolewa," akasema. "Baba yangu aliwapokea. Nikimwita kati ya wanawake, ni kama nimemwambia hakunioa. Nimezaa kwa jina lake. Nimezeeka kwa jina lake. Nikifika huko akiniuliza kwa nini nilimvua uanaume wake mbele ya majirani, nitajibu nini?"

 Mzee Kamau hakunifundisha kujibu swali hilo.  Kuku mmoja akaingia, akaangalia, akatoka. Mwishowe nikasema lile lililokuwa moyoni bila kulipanga.

"Kogo, mimi nadhani amechoka kungoja mlangoni. Mnaita wanawake, anakaa kimya kwa kuwa mlimfanya mwanaume. Na wanaume hawataitwa, kwa sababu mtoto ni msichana. Atapitia wapi?"

 Alifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akasema, "Kama hataki kuitwa hivyo, atanyamaza. Hakuwahi kushindwa kukataa kitu." Akaongeza, "Lakini jina litoke kinywani mwangu. Nikikosea, nimekosea mimi mke wake."

Ilibidi Kibet aambiwe, nami nikataka aambiwe na Kogo mwenyewe. Alisikiliza akiwa ameshika spana, mikono imejaa grisi.

"Kwa hivyo babu alikuwa nyanya?"

"Babu yako alikuwa babu yako," Kogo akamwambia. "Kama una shida kaulize ng'ombe."

Kibet alinitazama mimi, akamtazama mke wake, kisha akauliza swali ambalo lilinifanya nimpende. "Alikuwa mkali?"

"Sana," Kogo akasema.

"Basi mtoto ndiye. Huyu hulia akiona chupa imechelewa kidogo."

Jumamosi kina mama wakakaa tena. Safari hii wanaume nje walikuwa wengi kuliko kawaida, maana habari haikai Sosiot, na kila mmoja alikuwa na pikipiki ya kurekebisha. Chelangat alimshika mtoto mapajani. Mama mwenye ugoro akausogeza kwa umbali ule wa muuguzi. Wakaanza upya na majina yale ya zamani, kwa sababu Kogo alikataa mume wake aruke foleni. Wa Bomet. Pacha. Shangazi wa kila kitu, ambaye kina mama walimtaja haraka haraka. Mtoto alikuwa macho, anatazama paa.

Kisha wote wakamgeukia Kogo.

Alifungua kinywa, hakuna kitu kilichotoka. Mikono yake ilikuwa imekunjwa vilevile. Chelangat akasema kwa upole, "Kogo, si lazima." Wala hakuwa anasema kwa kukata tamaa. Alikuwa anamhurumia.

"Tabutany," Kogo akasema.

 Mtoto akakunja uso. Akaukunja tena. Akawa mwekundu. Akapiga chafya, kisha ya pili, kisha ya tatu, na ugoro wenyewe ulikuwa umeshashushwa mapajani mwa yule mama, kwa sababu naye alikuwa amesahau kazi yake akimwangalia Kogo. Mimi sisemi ni roho na sisemi ni vumbi. Mimi niliwekwa hapo kutafuta majina.

Nje mtu alipiga kelele, sikutambua ni nani, lakini pikipiki zote zilipona kwa mpigo. Ndani hakuna aliyesogea. Kina mama walikuwa wanangoja mwenye boma aseme.

Kogo Taprandich alifungua mikono yake. "Nipeni mume wangu," akasema.

Chelangat alisimama, akamlaza mtoto mikononi mwa Kogo, na hakurudi kuketi. Alibaki hapo amejifunika uso kwa leso. Kogo alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Alimshika vidole kimoja kimoja, akampapasa miguu, akayapangusa makamasi kwa kidole gumba. Kina mama wakamkaribia wasikie atamsalimiaje mtu ambaye hawajaonana naye tangu zamani hizo.

"Umepungua," akamwambia.